Majina ya Mwisho kwenye Orodha

Mwaka jana niliambiwa niandike majina manane. Shirika moja lilikuwa linaandaa siku tatu za mpira wa kikapu mjini Arua, makocha wanatoka Kampala, na kila makazi ya wakimbizi yamepewa nafasi nane. Sisi wa Lobule, huku Koboko, tulikuwa na vijana kumi na tisa waliokuwa wakifanya mazoezi na mimi kila jioni. Uwanja wetu ni udongo mwekundu, pete ilichomelewa na fundi wa mjini, wavu hatuna. Nilikaa chini ya mwembe na kalamu na kadaftari, kazi ikaanza.

Mpaka jina la saba sikupata shida. La nane nikakwama kati ya wawili. Mmoja ni mfupi, mwepesi, anapiga chenga mpaka watoto wanaotazama wanacheka. Wa pili ni mrefu kuliko mtu yeyote ninayemjua Lobule, lakini miguu mizito, na mpira anaushika kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa. Nikaandika yule mwepesi. Mrefu nikamwambia, "Utaenda mwaka ujao." Akaitikia kwa kichwa, akajiendea zake. Baada ya wiki mbili hakuja tena uwanjani.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kwenye simu habari za namna wengine wanavyochagua watu warefu. Mimi nimesoma sekondari tu, sijasomea ukocha. Ila nimesoma kiasi cha kujua kwamba kosa langu lina historia ndefu, na wenye pesa nyingi kuliko sisi wamelirudia mara nyingi.

Kwanza nieleze hiyo drafti, kwa sababu huku tukisema drafti mtu anafikiria ubao na vifuniko vya soda chini ya mti. Hii ni nyingine. Ligi ya Marekani, NBA, ina timu 30. Kila mwaka, mwezi wa sita, timu zinakaa na kuchagua vijana kwa zamu. Zilizofanya vibaya zinatangulia kuchagua. Zilizofanya vizuri zinasubiri, kwa hiyo kule mwisho wa duru ya kwanza, namba 20 na kitu mpaka 30, mara nyingi wanaochagua ni timu nzuri. Baada ya hapo kuna duru ya pili, basi. Ukiitwa katika duru ya kwanza, mshahara wako wa miaka miwili ya mwanzo una uhakika. Ukiitwa namba 31, wa kwanza kabisa katika duru ya pili, huna uhakika huo. Ni mpaka uelewane na timu. Anayejua tofauti ya kuwa na karatasi ya familia, ile tunayoiita atestesheni, na kuambiwa "subiri, jina lako litatoka", huyo ameshaelewa.

Sasa senta, mchezaji namba tano. Ni yule mrefu anayekaa karibu na pete. Pete iko mita 3.05 kutoka chini, na kazi yake ni kufanya njia ya kwenda huko iwe ngumu kwa wengine: azuie mipira, adake ile inayogonga na kurudi, asimame kama mlango. Ni mchezaji mgumu kumpima kuliko wote. Mlinzi mdogo unamwona kwa dakika tano unajua ana nini. Senta anategemea wenzake wampe mpira. Mwili wake unachelewa kukomaa, magoti na nyayo zinaumia upesi, na wengi walianza kucheza wakiwa wakubwa, baada ya mtu kuwaona barabarani na kusema, wewe, na urefu huo unafanya nini? Ndiyo maana anayechagua anamtazama mrefu na kupata mawazo mawili kwa pamoja: akiiva atatubeba, asipoiva tumekwisha. Hofu inamfanya aruke jina. Au tamaa inamfanya aliite mapema mno.

Niende kwa mtu wetu, Manute Bol. Wazee wa Kidinka kule Rhino Camp wanalitaja jina hili kama la ndugu. Alikuwa na mita 2.31. Mwaka 1983 San Diego Clippers walimchagua katika duru ya tano, ligi ikafuta uteuzi ule. Inasimuliwa kwamba pasipoti yake iliandika urefu wa futi 5 na inchi 2, na yeye akaeleza kwamba siku ile walimpima akiwa amekaa. Tarehe yake ya kuzaliwa nayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo. Ndugu msomaji, kama na wewe ulizaliwa tarehe 1 Januari, wewe na kaka yako na dada yako na nusu ya kijiji chenu, kwa sababu afisa aliyekuandika alikuwa na haraka, basi hadithi hii huwezi kuicheka sana.

Alicheza mwaka mmoja katika chuo kidogo cha Bridgeport, na mwaka 1985 Washington wakamchukua namba 31. Wakati huo duru ya kwanza ilikuwa na majina 24, kwa hiyo yeye alikuwa ameshavuka ukingo, yuko upande ule wa wasio na uhakika. Wote walimwona mrefu. Waliona pia kwamba ni mwembamba, wakasema atavunjika. Msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397, na hakuna mgeni katika ligi aliyewahi kuifikia hesabu hiyo. Mpaka anastaafu alikuwa amezuia mipira mingi kuliko pointi alizofunga, jambo la ajabu kabisa. Pesa zake nyingi zilikwenda kwa watu wa kusini mwa Sudani. Alifariki Juni 2010, mwaka mmoja kabla nchi yao haijapata bendera.

Mwaka 1986 Portland walimwita Arvydas Sabonis, Mlituania, namba 24. Mwaka mmoja kabla Atlanta walimchagua, ikafutwa kwa sababu umri haukutimia. Umri tena! Nchi yake ilikuwa chini ya Umoja wa Kisovyeti, hakuruhusiwa kwenda, na Portland wakamsubiri mpaka 1995. Miaka tisa. Alipofika magoti yalikuwa yameshachoka, na bado alicheza vizuri. Mwaka 1989 Lakers, ambao mzee wao Kareem Abdul-Jabbar alikuwa anastaafu, wakampata Vlade Divac namba 26. Huyo Divac ndiye baadaye, 1996, aliyebadilishwa na kijana mmoja anaitwa Kobe Bryant. Napita haraka hapa kwa sababu wanaonihusu zaidi ni wa karibu na kwetu.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam. Mita 2.21. Alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, akaenda Marekani, na katika chuo cha Connecticut akawa kati ya wazuiaji wakali kuliko wote wa vyuo. Mwaka 2009 Memphis wakamwita namba 2. Mtanzania, namba 2 katika dunia nzima! Nyuma yake namba 3 alikuwa James Harden, namba 7 Stephen Curry. Lakini Memphis walikuwa timu iliyofanya vibaya, na timu ya namna hiyo haichagui mwanafunzi, inachagua mkombozi. Alipewa dakika chache, na kabla msimu haujaisha akapelekwa kucheza ligi ndogo. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Kufikia 2014 alikuwa ametoka NBA. Kuna watu wanamcheka mpaka leo kwenye orodha za waliofeli. Mimi simcheki. Katika drafti ileile, namba 26, Chicago walimchukua Taj Gibson, mtu wa kupambana chini ya pete, akacheza zaidi ya miaka kumi na mitano. Siwezi kuapa kwamba Thabeet akiwa namba 26 naye angecheza miaka kumi na mitano. Ninachosema ni kwamba namba 26 hakuna ambaye angemdai awe mkombozi kufikia Krismasi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2008, Serge Ibaka wa Brazzaville aliitwa namba 24 na Seattle, timu ambayo siku chache baadaye ilihamia Oklahoma City. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto, baba yake alifungwa wakati wa vita. Alikuwa na miaka 18. Timu haikumwambia njoo kesho. Ilimwacha Hispania mwaka mzima acheze, ale, akue, akaja 2009. Kufikia 2012 ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa kuzuia mipira, na 2013 tena. Oklahoma walimchezesha namba nne, Toronto wakamweka sana namba tano, na 2019 akawa bingwa nao.

Kisha 2014, namba 25, Houston wakamchukua Clint Capela. Alizaliwa Geneva, mama Mkongo, baba Mwangola, na sehemu ya utoto wake alilelewa katika kituo kwa sababu mama alikuwa hana uwezo. Msimu wa kwanza alicheza mechi 12 tu za ligi. Mechi 12 katika msimu wa mechi 82! Muda mwingine alikuwa timu ndogo, anajifunza kusimama mahali pake. Baada ya miaka miwili mitatu akawa senta wa kuanza katika timu iliyokaribia fainali. Mwaka huohuo wa 2014, katika duru ya pili, namba 41, jina la Nikola Jokić lilitangazwa wakati televisheni inaonyesha tangazo la chakula. Watu hawakusikia. Leo huyo ni mmoja wa masenta wakubwa waliowahi kucheza.

Lakini anayenikosesha usingizi ni wa 2013. Rudy Gobert, Mfaransa. Alipopimwa kabla ya drafti, alisimama bila kuruka akanyoosha mkono, ukafika mita 2.92. Fikiria mwenyewe: pete iko 3.05. Sentimita 13 tu zimebaki, na miguu bado iko chini. Kipimo hicho kila timu ilikuwa nacho kwenye karatasi. Majina 26 yakapita. Wa kwanza kuitwa mwaka ule alikuwa Anthony Bennett, ambaye baada ya misimu minne hakuwa tena kwenye ligi. Gobert akaitwa namba 27 na Denver, nao papohapo wakampa Utah kwa uteuzi wa namba 46 na pesa kidogo. Wakamshika, wakamwachia. Msimu wa kwanza hakufanya lolote la kusimulia, wastani wa pointi 2.3, akapelekwa ligi ndogo na yeye. Anavaa jezi namba 27 mpaka leo kwa ajili ya usiku ule.

Tuzo ya mlinzi bora wa mwaka, watu watatu wameichukua mara nne. Mmoja ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, yule wa kutikisa kidole, Mungu amlaze pema. Aliitwa namba 4 mwaka 1991. Mwingine ni Gobert, namba 27. Wa tatu ni Ben Wallace. Ben Wallace mwaka 1996 hakuitwa kabisa. Duru zote mbili zilipita, majina yakaisha, watu wakazima taa wakaenda nyumbani. Hao watatu ndio walinzi wa kupigiwa mfano, na ukizipanga namba zao huwezi kupata kanuni yoyote ya kuchagulia.

Sasa tusidanganyane. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya ulinzi wa watoto Arua, nilipomsimulia haya, aliniambia, "Kaka, unahesabu waliofika. Waliozama je?" Ana haki. Wengi walioitwa namba 27 huwezi kuyakumbuka majina yao. Ukiokota warefu kumi mwisho wa orodha, saba au nane hawatakuwa kitu, na hilo siwezi kulificha kwa sababu tu nampenda Gobert. Mimi mwenyewe, wale vijana saba wa mwanzo niliowaandika, sijutii hata mmoja.

Ila nikitazama vizuri hawa waliofika, naona kitu ambacho hakiko kwenye kipimo cha urefu. Waliitwa na watu ambao hawakuwa na haraka. Timu ya mwisho wa duru ya kwanza ina wakubwa wake tayari, mechi zake inashinda, na kijana mrefu anayejikwaa haumizi mtu. Wanampa mwaka. Wanampa kocha wa kumfundisha namna ya kuweka miguu, jambo moja, siku mia mbili. Ibaka alipewa Hispania, Capela alipewa timu ndogo, Gobert vilevile. Thabeet alipelekwa timu ndogo pia, lakini kwake ilisomwa kama adhabu, kwa sababu namba 2 hapelekwi kujifunza. Kitendo ni kilekile.

Na sisi huku? Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnanijua, sina ugomvi na ninyi. Mradi wa miezi sita unataka matokeo ya miezi sita. Fomu inauliza ni vijana wangapi "wameonyesha maendeleo", na yule mwepesi anayepiga chenga anapendeza kwenye picha ya ripoti. Mimi nilimwandika kwa sababu nilijua makocha wa Kampala watamwona kwa siku tatu na kusema Lobule kuna mwalimu. Nilikuwa nachagua kama Memphis. Tofauti ni kwamba Memphis walimchukua mrefu, mimi nilimwacha, lakini haraka ni ileile.

Kila mtoto hapa sasa ana jina la Khaman Maluach mdomoni. Alizaliwa Rumbek, akakulia Kampala, Kawempe, kama mkimbizi, na mpira wa kikapu alianza kuugusa 2019 tu. Kuna aliyemwona, akamfundisha, akapita katika akademia ya NBA kule Senegali, akaichezea Sudani Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, katika timu ileile iliyofungwa na Marekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, kwenye mechi ya kirafiki London. Usiku ule wa London hapa Koboko watu waliamka majirani. Juni 2025 akaitwa namba 10, akaishia Phoenix. Vijana wananiambia, kumbe inawezekana kutoka Uganda hii hii. Ndiyo, inawezekana. Lakini mimi nikiiangalia hadithi yake sitazami sana usiku wa namba 10. Natazama 2019, mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, mrefu, hajui hata kushika mpira, na mtu mzima pembeni ambaye hakumwambia mwaka ujao.

Mwezi huu barua imekuja tena. Kambi ya Arua ipo, nafasi nane, majina kabla ya Ijumaa ijayo.

Jumamosi nilipanda boda mpaka wanakofyatua matofali, upande wa barabara ya kwenda Oraba. Niliambiwa yuko huko tangu mwanzo wa kiangazi. Nilimwona kabla ya boda kusimama, maana kichwa chake kinapita rundo la matofali. Ameongezeka. Mabega yamekuja, na anabeba matofali kwa mikono miwili huku miguu imepanuka na magoti yamekunjwa kidogo, hivyo hivyo nilivyokuwa namwambia asimame chini ya pete na akawa haelewi. Sijui kama yeye anajua. Mama mmoja anayewapikia posho akaniuliza, "Unatafuta kazi ama unatafuta mtu?"

Tulikaa kwenye kivuli. Hakuonyesha hasira, na hilo lilinisumbua zaidi. Alisema hapa wanalipwa kwa hesabu ya matofali, mdogo wake anasoma kwa pesa hiyo, akiondoka siku tatu ni siku tatu za hesabu. Nikamwambia siku tatu hizo nitatafuta namna, na baada ya Arua mazoezi yataendelea hata kama huko hawatamwangalia, jioni, mimi na yeye, miguu tu, mpaka mwisho wa mwaka. Viatu sina vya saizi yake bado. Nilimwambia na hilo.

Akapangusa vumbi mikononi. "Safari hii wanataka wangapi?"

"Wanane."

"Na mimi ningekuwa wa ngapi?"

Nilitoa kadaftari mfukoni nikampa. Akafungua, akakuta ukurasa una namba kutoka 1 mpaka 8, na mbele ya namba hakuna kitu. Alikaa nayo kidogo, kisha akaomba kalamu.